Kushusha gari Wasso: Kabla fundi hajawasha grenda, jua kazi ya springi na shokapu

Kilomita 49 za lami kutoka Wasso hadi Sale zinatosha kumpa kijana mwenye gari wazo. Barabara laini, alama nyeupe pembeni, na kwenye simu kila siku zinapita video za IST, Altezza na Mark X zilizolala chini mpaka tairi linajificha ndani ya madigadi. Zinapendeza, hakuna ubishi.

Tatizo ni kwamba lami ina mwisho. Anayetoka Wasso kwenda Mto wa Mbu ana safari ya zaidi ya kilomita 200, na njia hiyo inashuka ukingo wa Bonde la Ufa, inapita Ngaresero chini ya Oldoinyo Lengai, kwenye changarawe, vumbi la majivu ya volkano na makorongo yanayojaa maji mvua ikinyesha. Anayechagua njia ya Serengeti na Ngorongoro naye anakutana na moramu yenye mawimbi kama bati la nyumba, mpaka afike lango la Lodoare ambako lami ya Karatu inaanzia. Gari ni lile lile. Huwezi kulishusha kwa ajili ya kilomita 49 halafu ukaliazima miguu mirefu likifika Sale.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nishushe kwa sentimita ngapi?" Swali ni gari lako linaishi wapi, linabeba nini, na ukilishusha kitabaki kiasi gani cha nafasi ya tairi kupanda na kushuka.

Springi inabeba, shokapu inatuliza

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Gari likilala nyuma, utasikia, "shokapu zimekufa." Mara nyingi si kweli. Uzito wa gari unabebwa na springi. Gari likilala upande mmoja au likiinama nyuma bila mzigo, mshukiwa wa kwanza ni springi iliyochoka au iliyokatika.

Shokapu, ambayo wengine wanaiita shokomzoba, ina kazi nyingine. Springi ikibonyezwa inataka kurudi, na ikirudi inapitiliza, inarudi tena, inapitiliza tena. Ukiiacha peke yake gari litanesa kama kitanda cha zamani. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye vitundu vidogo. Oili inakataa kupita haraka, na ukinzani huo ndio unaozima mnesho. Nguvu ya mnesho inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukishika shokapu baada ya safari ndefu ya vumbi unaikuta ya moto.

Kwa hiyo springi inaamua gari linasimama kwa urefu gani na linabeba kiasi gani. Shokapu inaamua litulie haraka kiasi gani baada ya kugonga shimo. Ukibadilisha moja bila kuangalia nyingine, unaziharibia ndoa.

Hesabu ya abiria watatu

Chukua mfano huu. Namba ni za mfano tu, lakini haziko mbali na gari dogo la kawaida.

Gari lina nafasi ya sentimita 15 kutoka ardhini. Springi ya nyuma ina ugumu wa kilo 2.5 kwa kila milimita, yaani ukiweka kilo 2.5 inabonyea milimita moja. Kabla tairi halijagonga raba ya mwisho, ile inayozuia chuma kisigongane na chuma, kuna sentimita 8 za kupanda.

Sasa pakia. Abiria watatu, mabegi, gunia la mahindi, ndoo ya asali. Sema kila tairi la nyuma limeongezewa kilo 100. Gawa 100 kwa 2.5, unapata milimita 40. Gari limeshuka sentimita 4. Chini zimebaki 11 na nafasi ya kupanda imebaki sentimita 4. Bado unaweza kwenda, kwa adabu.

Gari hilo hilo ukilishusha sentimita 4 kwa springi fupi yenye ugumu ule ule, mambo yanakuwa hivi: likiwa tupu lina nafasi ya 11 chini, na nafasi ya kupanda ni 4. Ukipakia mzigo ule ule, linashuka 4 nyingine. Chini zinabaki 7. Nafasi ya kupanda inabaki sifuri. Gari limekaa juu ya raba. Hapo kila jiwe unalogonga halipiti tena kwenye springi, linakwenda moja kwa moja kwenye bodi, kwenye bushi na kwenye mgongo wa bibi aliyekaa nyuma.

Kwa sababu hiyo, springi ya kushusha iliyotengenezwa vizuri huwa fupi na ngumu zaidi kwa pamoja. Weka ugumu wa kilo 3.5 kwa milimita badala ya 2.5. Mzigo ule ule wa kilo 100 sasa unashusha gari karibu sentimita 2.9. Nafasi ya kupanda inabaki kama sentimita 1.1. Ni afadhali kuliko sifuri, lakini hebu kuwa mkweli: sentimita moja kwenye njia ya Ngaresero ni nini?

Ndiyo maana ugumu peke yake hauokoi. Unapunguza hasara tu.

Grenda na gesi

Njia ya bei rahisi inajulikana: fundi anakata mzunguko mmoja wa springi kwa grenda, anarudisha, gari linashuka siku hiyo hiyo. Atakwambia kwamba ikikatwa inakuwa ngumu pia, kwa hiyo ni sawa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiiondolea mmoja zinabaki 5, na ugumu unapanda kwa asilimia 20. Lakini kwenye mfano wetu, hata ongezeko la asilimia 40 liliacha sentimita moja. Na hakuna aliyekuuliza kama unataka ishirini, arobaini au kumi. Grenda haina kipimo hicho.

Kuna shida nyingine ya ncha. Springi nyingi zina ncha iliyopindwa kukaa sawasawa kwenye kikombe chake. Ukiikata, ncha mpya ina makali na haikai vizuri. Inagonga, inakwaruza rangi inayozuia kutu, na mzigo unaegemea sehemu moja. Halafu siku gari likiruka tuta na tairi likaning'inia, springi iliyofupishwa inaweza kulegea mpaka itoke kwenye kikombe. Tairi likirudi chini, haijulikani itarudi wapi.

Kuipasha springi kwa gesi mpaka ijikunje ndiyo mbaya kuliko zote. Chuma cha springi kinapata ukakamavu wake kiwandani kwa kupashwa, kupozwa na kupashwa tena kwa vipimo maalum. Moto wa gesi unaufuta ukakamavu huo pale ulipogusa. Springi itaendelea kulala yenyewe wiki hadi wiki, au itakatika. Na haitakupigia simu kwanza.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kujifanyia wenyewe: springi ya mbele iliyovaliwa kwenye shokapu iko kwenye mgandamizo hata gari likiwa juu ya jeki. Ukifungua nati ya juu bila kuibana kwa kibanio cha springi, inaruka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Si kazi ya spana na ujasiri.

Shokapu ya zamani, springi mpya

Mtu ananunua springi nzuri za kushusha, anazifunga, anaacha shokapu zilizokuja na gari kutoka Japani. Wiki ya kwanza raha. Miezi michache baadaye gari linanesa barabarani na shokapu inavuja oili.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza, shokapu ya kiwandani ilipimwa kwa springi laini. Ikipewa springi ngumu inashindwa kuizima. Ya pili ni urefu. Gari likishuka sentimita 4, pistoni nayo imesogea karibu na sakafu ya shokapu, na ikipata shimo inagonga chini. Kwa hiyo ukishusha zaidi ya sentimita 2 au 3, tafuta shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Watengenezaji wakubwa kama KYB na Tein wa Japani, Bilstein na Eibach wa Ujerumani, wana orodha zinazoonyesha namba ya kifaa kwa kila modeli ya gari. Soma namba hiyo. "Inaingia" na "inafaa" ni maneno mawili tofauti.

Kwa barabara za Ngorongoro kuna jambo la joto pia. Chukua moramu yenye mawimbi yanayoachana mita moja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tairi linapanda na kushuka karibu mara 17 kila sekunde. Ukiendesha saa moja, ni mara 60,000. Oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na kwenye shokapu ya kawaida isiyo na gesi inachanganyika na hewa na kutoa povu. Povu halina ukinzani. Dereva anaona gari limeanza kuteleza kwenye kona ambayo jana alipita vizuri, anadhani ni tairi.

Shokapu zenye gesi ndani zinachelewesha povu hilo. Zile za bomba moja, ambazo gesi na oili zimetenganishwa na pistoni, zinapoa vizuri zaidi, ila bomba lake likibonyezwa na jiwe ndiyo basi tena, kwa sababu pistoni inatembea kwenye ukuta huo huo. Zile za bomba mbili zinavumilia kipigo cha nje na bei yake ni nafuu. Kwa gari dogo la Wasso linalopigwa mawe kila siku, bomba mbili zenye gesi ni chaguo la busara.

Na zile za kuzungusha?

Vijana wanazipenda seti ambazo springi na shokapu vimeungana, na unazungusha ringi kupandisha au kushusha. Wazo linavutia: shusha ukiwa mjini, pandisha ukisafiri. Kwenye seti za bei ndogo, ringi inasogeza kikao cha springi tu, kwa hiyo ukishusha sana unakula nafasi ya shokapu. Seti bora zaidi zina kitako cha chini kinachozunguka chenyewe, unabadilisha urefu wa gari bila kugusa nafasi ya pistoni. Uliza muuzaji ni ipi kabla ya kutoa hela.

Kisha kuna vumbi. Uzi wa ringi ukijaa tope la Loliondo na kukauka, baada ya miezi sita hauzunguki hata kwa nyundo. Na kila ukibadilisha urefu unatakiwa upimishe alaimenti upya, kwa sababu gari likishuka matairi yanainama kwa ndani na mwelekeo wake unabadilika. Usipopima, tairi linaliwa ukingo wa ndani ambako hulioni mpaka nyuzi zitokee. Kwa hiyo lile wazo la kushusha Ijumaa na kupandisha Jumatatu libaki kwenye video.

Wanaopandisha nao wasicheke

Kwa kweli, kwenye eneo hili wengi wanataka kinyume: gari linyanyuke. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, walikuja na kila aina ya gari kwenye barabara ambayo haikuwa na lami. Ukumbusho wa safari ile kwa wenye gari fupi ulikuwa chini ya gari, kwenye sampo na bomba la moshi.

Njia maarufu ni kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi. Kinanyanyua gari, sawa, lakini hakiongezi ugumu hata kidogo. Gari linalolala likipakiwa litaendelea kulala, ila litaanzia juu zaidi. Na likinyanyuliwa sana, shokapu inafika mwisho wake wa juu na kuanza kuvutwa kila tairi linapoingia shimoni, mpira wa breki unakazwa, na sivi-jointi zinafanya kazi kwa pembe kali mpaka zinaanza kugonga. Sentimita 2 hadi 3 kwa gari dogo la magurudumu ya mbele inatosha.

Kwenye Land Cruiser na pikapu zenye springi za vipande vilivyopangana, kuongeza kipande kimoja ni kawaida. Ila kipande hicho kinataka mzigo. Gari la mizigo likitembea tupu na springi ngumu, nyuma inaruka kama punda aliyechokozwa, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kuna pikapu na Land Cruiser zenye valvu ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Valvu hiyo inapima mzigo kwa kuangalia urefu wa gari. Ukinyanyua nyuma bila kuirekebisha, inaamini gari liko tupu na kupunguza breki za nyuma. Ukishusha, inaamini kinyume chake. Si mafundi wote wanaoikumbuka, kwa hiyo itaje wewe.

Wenye mashindano ya magari walishalikubali hili zamani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa ya magari yaliyolala. Hata leo gari la mashindano ya dunia lina seti mbili: ya lami, fupi na ngumu, na ya vumbi, ndefu na yenye nafasi kubwa ya tairi kutembea. Timu yenye mainjinia na malori ya spea haijapata springi moja ya barabara zote mbili.

Kwa hiyo ufanyeje?

Kama gari linaishi Arusha au Karatu, linatembea lami siku nyingi na halibebi zaidi ya watu wawili, kushusha sentimita 2 hadi 3 kwa springi za kiwanda zinazofaa modeli yako, pamoja na shokapu zake, ni jambo linalowezekana bila kuharibu gari. Litashika kona vizuri zaidi.

Kama ni gari lako pekee na unaishi Wasso, liache kwenye urefu wake. Hela ya kushusha nunua shokapu nne mpya, bushi na raba za mwisho. Watu wengi hawajawahi kuliendesha gari lao likiwa na shokapu nzima. Walilinunua likiwa limeshachoka. Tofauti utaisikia kabla hujafika njia panda ya Sale. Ukitaka muonekano, rimu nzuri na tairi la saizi sahihi vinafanya kazi kubwa bila kugusa springi.

Ukinunua spea, iwe Arusha au Kariakoo, nunua kwa jozi: mbili za mbele au mbili za nyuma, kamwe si moja. Shokapu ya mtumba isukume kwa mkono ukiwa dukani. Ikiingia kwa ulaini sawa mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali na bila sauti ya kulowa, angalau iko hai. Ukiona mafuta kwenye fimbo, rudisha. Springi ya mtumba angalia alama za rangi na namba. Mbili zenye rangi tofauti huenda zimetoka kwenye magari mawili tofauti.

Kabla ya kazi kuanza, pima kwa futi kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu kwenye sakafu tambarare, na andika namba zote nne kwenye simu. Pima tena kazi ikiisha. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, si likiwa linaning'inia kwenye jeki, la sivyo zitapindika na kuchanika mapema. Kisha alaimenti, kisha taa za mbele, maana gari likibadilika urefu mwanga nao unahama. Ifahamishe pia kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko uliyofanya.

Baada ya kilomita mia chache rudi kwa fundi akaze nati zote na upime tena zile namba nne. Springi mpya hukaa kidogo. Ikishuka upande mmoja kuliko mwingine, mwambie fundi afungue.